Lita Moja ni Kilo Moja

Jumatatu, 3 Agosti
Tangazo limebandikwa mlangoni mwa ghala. Jumamosi kuna mbio za kilomita kumi kwa vibarua wote, na wa kwanza ataajiriwa moja kwa moja. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, amebeba magunia hapa miaka sita. Kila jioni hajui kama kesho ataitwa. Miguu anayo. Anachokosa ni mtaalamu wa chakula. Nimejiteua.

Nimekaa kwenye mizani ya ghala miaka kumi na tisa. Mzigo ukipungua, gari linakimbia. Nimempandisha juu: kilo sitini na nne. Nyingi mno!

Jumatano, 5 Agosti
Nimefuta chakula cha jioni. Asubuhi chai kavu, nusu kikombe. Mke wangu amenuna, anasema mdogo wake anabeba magunia mchana kutwa, nitamuua. Nikamwambia hajui mizani. Kilo sitini na mbili.

Mama Kantini, mpishi wetu, naye ana mtu wake, kibarua mmoja tunamwita Kijiti. Anamlisha viazi, wali na ndizi, na kumtembeza na chupa ya maji. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Anapakia gari kabla ya mlima!

Alhamisi, 6 Agosti
Shemeji kaanguka na gunia. Goti tu. Mama Kantini alinifuata mpaka kwenye mizani, akasema mbele za watu kwamba mshindani hula mapema, hula alichokizoea, na maji hayaachi hata siku ya mbio. Nikamwuliza lita moja ya maji ina uzito gani. Akageuka akarudi jikoni. Kilo moja! Miaka yote jikoni na hajui.

Kuanzia leo maji nayo nimeyafuta. Shemeji kaomba kwa adabu walau asukutue. Nimemruhusu, mradi ateme mbele yangu.

Ijumaa, 7 Agosti
Kilo hamsini na tisa. Midomo imepasuka, macho yameingia ndani, mkojo mweusi kama chai. Nimeukagua mwenyewe. Uchafu unatoka.

Jioni aliniambia, "Shemeji, nataka mtoto azaliwe mimi nina kazi." Mkewe amebakiza miezi miwili. Nampenda huyu mtu, jamani. Nikampa kipande cha ndimu alambe.

Jumamosi, 8 Agosti
Jua la kupasua kichwa. Nilimfuata kwa baiskeli, nikimkinga na meza za maji. Kilomita nne za kwanza aliongoza! Nilimzomea Mama Kantini nikipita.

Kilomita ya sita msichana mmoja akamnyooshea kikombe. Nikakipiga, kikaanguka. Shemeji alisimama akaitazama ile lami iliyolowa, kisha akaendelea.

Kilomita ya nane akaanza kwenda upande upande, akimwita mama yake, ambaye tulimzika zamani. Akaanguka. Kijiti alisimama, akammiminia chupa yake yote kichwani, akasubiri mpaka watu wa Msalaba Mwekundu wafike. Kisha akakimbia, akawapita waliomtangulia, akashinda.

Jumatatu, 10 Agosti
Hospitali. Figo, anasema daktari. Hatabeba mzigo mwaka mzima, pengine asibebe tena. Basi hata kibarua hakipo. Mkewe ameketi kando ya kitanda na tumbo lake, hanitazami. Mke wangu kasema, "Mchuma janga hula na wa kwao." Nikamjibu kwamba katika hili hakuna aliyekula kitu. Akatoka nje. Mimi nikaenda kulia chooni, nakiri.

Niliporudi ndipo nikaona. Juu ya kichwa chake wametundika mfuko wa maji, unamshukia mkononi tone kwa tone. Nikamwuliza nesi huu ni wa ngapi. Wa sita, nusu lita kila mmoja. Kilo tatu! Mtu hawezi hata kuketi, nao wanazidi kumpakia. Nilipotaka kuufunga ule mrija, nikatolewa wodini kwa kushikwa ukosi.

Kesho narudi na kikapu cha matunda. Mizani ndogo ya ofisini itakaa chini, matunda juu, nesi asiione. Matunda yenyewe hatakula. Ni mazito.