Biti Moja, Waimbaji Watatu

Jumatatu, 14 Julai
Baridi ya Njombe, na Kemia haipandi. Sijali! Biti langu la rege limekamilika. Nitatoa albamu: waimbaji watatu, biti lile lile moja. Nimesoma kitabuni kwamba huko rege ilikozaliwa ndivyo wanavyofanya. Kwenye jalada: Mtayarishaji, Obed. Mimi, ambaye mwalimu wa darasa bado ananikosea jina na kuniita Yoeli!

Hilari wa kwaya ya parokia ameuliza kama biti ni lake peke yake. Nilikuwa na maelezo ya kurasa tatu. Nikasema ndiyo. Anneth wa kwaya ya usharika naye akauliza. Ndiyo. Kaka Alfonsi, kinyozi wa Makambako mwenye rasta, hakuuliza. Nikamwambia hata hivyo.

Jumatano, 16 Julai
Balaa! Hilari amepiga mluzi wa besi ya biti lile katikati ya kipindi cha Jiografia. Anneth akataka kujua huyu Mkatoliki ameutoa wapi wimbo wake. Nikamwambia kwenye baridi miluzi yote hufanana. Akaniuliza kama nina homa. Kwaya zao ziligombania wimbo mmoja Pasaka, na mpaka leo hazisalimiani.

Alhamisi, 17 Julai
Dada Scolastika, mtangazaji wa redio huko Makambako, anawataka wote watatu Jumamosi, waimbe hewani. Akikosekana mmoja, hakuna kipindi. Bila kipindi, hakuna albamu. Mpango: Hilari saa nane, Anneth saa tisa, Kaka Alfonsi saa kumi. Hawatakutana!

Jumamosi, 19 Julai
Hilari na Anneth wamepanda Fuso moja ya viazi, hakukuwa na gari jingine! Njia nzima wameimbiana, kila mmoja wimbo "wake". Wameshuka wamenuna. Anneth akaniita mwongo mkubwa. Hilari akamwambia asinimalize peke yake, na yeye ana ya kwake.

Kaka Alfonsi, aliyewahi kufika redioni, akacheka mpaka rasta zikamfunika uso. Akasema, wadogo zangu, rege ndiyo hiyo, biti moja mtaa mzima. Dogo angesema tu, nani angekataa? Wakatazamana. Hakuna ambaye angekataa. Ndipo Hilari akauliza kwa nini basi niliwadanganya. Nikawafungulia mlango wa studio.

Wameimba. Vizuri mno! Dada Scolastika akauliza hewani mtayarishaji ni nani. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Anneth akajibu: Kaka Alfonsi. Hilari akaitikia kama anasema amina. Na jalada litaandikwa hivyo hivyo.

Jumapili, 20 Julai
Ibadani nimeapa: kuanzia leo, ukweli mtupu. Kosa langu nimelijua.

Nje ya kanisa Getruda, mwimbaji wa Mdandu, akaniuliza kama kutakuwa na albamu ya pili, na kama biti litakuwa lake peke yake. Nikafungua mdomo niseme ukweli. Nikasema ndiyo. Edson wa Kitandililo naye akauliza. Ndiyo.

Kosa lilikuwa ile Fuso moja. Mdandu na Kitandililo ni njia tofauti kabisa.