Gobori la Marehemu Gentry

Lyle Pruitt aliliona gobori lile mnadani, mezani pa mjane mmoja, katikati ya mitungi ya jemu ya pichi, akasahau kutafuna nyama ya nguruwe iliyokuwa mdomoni. Mtutu umeiva kutu ya uzee, kitako kimechakaa, na ubavuni pameandikwa 1861. Bunduki halisi ya vita, inauzwa pamoja na jemu! Kweli Mungu hamtupi mja wake.

Tuseme haki, Lyle alikuwa fundi. Miaka nenda rudi alinunua magobori mapya ya kuigiza, yale yatokayo Italia, akafuta alama za kiwandani kwa tupa, akayapaka siki na chumvi, akayazika kwenye samadi ya farasi, kisha akayauza kama urithi wa vita. Wateja hawakukosa. Tennessee nzima, kila masika, wanaume wazima huvaa sare za sufu wakapigana upya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mababu zao, na mtu wa namna hiyo haulizi sana.

"Mama, hii ni ya kuigiza," alisema kwa huruma. "Ya Italia."

Bi Verna Gentry alishika kifua. "Uwii! Na marehemu mume wangu alikufa akiisononekea!"

"Twende tukazilinganishe kwa shabaha, yako na hii yangu halisi niliyobeba. Bunduki haisemi uongo."

Haisemi, ila aipakiaye je? Yake Lyle aliitia risasi nene, iliyoenea mtutu sawasawa na kupakwa nta na shahamu. Ya mjane akaitia risasi nyembamba, kavu, isiyoshika hata mchirizi mmoja wa ndani ya mtutu. Yake ikatoboa katikati ya shabaha. Ya mjane ikamkimbiza ng'ombe wa jirani.

"Umeona, mama? Lakini mimi nina moyo mwepesi. Chukua yangu, nipe hiyo niitundike ukutani."

Papo hapo akatokea mzee mwenye sare ya kijivu na ndevu hadi kifuani, akaiinamia bunduki.

"Yesu wangu, ya sitini na moja! Dada, usimpe mtu. Nakuletea trekta langu."

"Babu, sisi tunazungumza hapa," Lyle aling'aka.

"Zungumzeni tu, mjukuu wangu. Trekta halina haraka."

Jasho lilimtoka Lyle. Akachomoa funguo mfukoni. "Bunduki yangu, na pikapu langu juu!"

"Kwa kitu cha kuigiza?" mjane aliuliza.

"Kwa heshima ya marehemu," alisema, na machozi yakamlengalenga.

Wakapeana mikono mbele ya watu. Kule, mikono ikishapeanwa, mwenye kurudi nyuma haendi tena mnadani wala kanisani.

Lyle alishika njia kwa miguu, gobori begani, akipiga mluzi. Uvumilivu ukamshinda. Akaketi kando ya barabara, akatoa kisu, akaufungua mtutu kutoka kwenye kitako chake cha mti ili aione alama ya kale ya serikali.

Chini ya mtutu palikuwa na mikwaruzo mitatu ya tupa, imelalia kushoto. Lyle ni wa mkono wa kushoto. Alinusa. Siki. Ndipo alipomkumbuka Gentry mmoja mnene, mcheshi, aliyempa farasi wawili kwa gobori hili hili na kumshukuru kwa machozi. Aende kwa polisi akaseme nini? Kwamba ameuziwa kazi ya mikono yake?

Pikapu lake likapita polepole, mzee wa ndevu kwenye usukani. Bi Verna akatoa kichwa dirishani.

"Mwanangu! Zile risasi nene zinauzwa wapi?"