Kikombe Kimoja tu, Kasema Makena

Jumatatu, 20 Aprili 2020

Msiba umeingia nyumbani. Makena ametangaza kikombe kimoja kwa siku. Kimoja! Chai au kahawa, nichague. Anasema tangu ofisi yetu ya bima ifungwe kwa ajili ya korona nikahamishia kazi jikoni, birika halipoi na mimi silali. Najigeuzageuza kitandani hadi yeye anakosa usingizi, na ni nesi, anahitaji kulala kabla ya shifti. Nikamwambia hata ofisini nilikuwa nakunywa. Akajibu ofisini nilikuwa naifuata mashine ya kahawa mwisho wa korido. Hapa nanyoosha mkono tu. Kisha akatia majani ya chai na mkebe wa kahawa kwenye mkoba, akaenda navyo kazini. Ndoa ya miaka kumi na tisa, na haniamini na mkebe. Kufika saa tisa kichwa kinapasuka.

Jumanne, 21 Aprili

Njia imepatikana. Kwenye lifti kuna tangazo: wanatafutwa watu wa kuwanunulia vitu wazee wa jengo letu, ambao hawaruhusiwi kutoka. Mzee Balbir wa ghorofa ya tatu ni Singasinga mzaliwa wa Nakuru, aliyehamia huku ughaibuni zamani kuliko sisi. Mtu wa Nakuru hawezi kumwacha mgeni aondoke bila chai, hata kama mgeni mwenyewe haruhusiwi kuingia. Nikampelekea unga wa chapati na vitunguu. Akaweka kikombe kizingitini, akarudi nyuma mita mbili, nikanywa nimesimama koridoni. Tangawizi, iliki, maziwa yaliyochemka yakachemka tena. Akasema, "Wewe ni kijana ya maana sana." Nina miaka arobaini na sita. Sikumpinga.

Makena aliporudi nikamwambia nimejitolea kusaidia wazee. Machozi yakamlengalenga. Nikajisikia vibaya, lakini si kwa muda mrefu.

Jumatano, 22 Aprili

Ambrose! Mtanzania wa ghorofa ya pili, anayejua mambo ya watu kuliko wenyewe. Jana aliniona na kikombe. Leo asubuhi naye kajitolea, na kanitangulia kwa Bi Bharti, mama wa Kigujarati aliyekulia Moshi, ambaye kahawa yake inasifiwa jengo zima. Nimemkuta anaimalizia. Nikamuuliza kama kujitolea kwake kumetoka moyoni. Akasema moyoni kabisa, akaomba aongezewe.

Nimemjibu kwa vitendo. Sasa nayagawa manunuzi: mkate safari moja, maziwa safari nyingine, biskuti safari ya tatu. Kila safari na kikombe chake. Bi Bharti anasema hajawahi kuona mtu anayeuheshimu mkate namna hii.

Alhamisi, 23 Aprili

Jioni majirani wote walitoka madirishani kuwapigia wauguzi makofi. Mimi nilipiga bila juhudi, maana mikono ilikuwa inatetemeka yenyewe. Makena akanitazama. Jasho. Moyo mbio. Akanisukumia kipimajoto chini ya ulimi, nami nilikuwa nimetoka kwa Mzee Balbir dakika ile ile, chai bado inaunguza kinywani. Thelathini na tisa!

Uso ukamwanguka. Akapiga simu wodini kwamba mumewe ana dalili, kwa hiyo yeye naye hatakwenda kazini wiki mbili, na wodi tayari ina upungufu wa watu. Amenifungia chumbani na maji moto ya ndimu. Nikisema ni chai, nimekwisha. Nisiposema, wagonjwa wanakosa nesi. Nimemsikia akilia jikoni, taratibu, ili nisisikie. Hapo nimeona aibu ya kweli. Nitakiri asubuhi.

Ijumaa, 24 Aprili

Nilikuwa nafanya mazoezi ya kukiri nyuma ya mlango kengele ilipolia. Ambrose, na thamosi mbili, na sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Thamosi ya kwanza, alisema, ni ya Mzee Balbir, anampa pole mgonjwa, maana mtu anayemaliza vikombe vinne kwake kwa siku hawezi kukaa hivi hivi. Ya pili ni kahawa ya Bi Bharti, na anauliza nani sasa atamletea biskuti peke yake.

Makena akaja na kipimajoto. Thelathini na sita na nusu. Akanionyesha namba. Nikasema yote, hadi safari ya mkate. Nikangoja dhoruba. Badala yake akakaa chini sakafuni akacheka, akashika ubavu, akacheka tena. Tangu Machi sijaisikia sauti hiyo. Nilifurahi hadi nikasahau kwamba nimekamatwa.

Kisha akamimina chai ya Mzee Balbir, akanywa vikombe viwili mbele yangu, akapiga simu wodini, akaenda kazini. Ameniapisha: wazee nitaendelea kuwahudumia, lakini chai ya mlangoni marufuku.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimelala fofofo. Mkate, maziwa na biskuti vimekwenda safari moja. Makena amerudi akiimba. Amewasimulia wenzake, na wodi nzima imecheka.

Nimetafakari sana. Mke wangu amechoka kwa wiki nyingi. Kilichomrudishia furaha ni nini? Si utii wangu. Ni kunikamata. Kwa hiyo, kwa ajili ya afya yake, lazima nikamatwe tena. Nimeshazungumza na Ambrose. Kiapo kilitaja mlango, ngazi hakikuzitaja. Jumatatu analeta kahawa ya Bi Bharti ngazini, mita mbili kati yetu. Nimemwomba ije nzito, maana afya ya mke si jambo la mzaha.