Jinsi Bi Mnyoofu Alivyoacha Vinguzo Vikae Ovyo

Enyi mliokaa na mlioegemea, wekeni chini vikombe, zimeni simu, mnisikilize! Nanena habari za Bi Mnyoofu, jemadari wa vioo, adui wa kila kitu kilichokaa upande, na siku aliyopigana na mkono wake mwenyewe wa kuume mbele ya watu, akaushinda.

Juu ya kipande cha kioo kisichozidi ukucha, ilimpasa kuotesha msitu wa vinguzo, vijiti vya kioo visivyoonekana kwa macho, vya kuutawanya mwanga ukutani, mweupe na sawasawa. Na sharti la msitu huo lilikuwa moja: vinguzo vikae ovyo. Vikijipanga mistari, mwanga hupasuka rangirangi na kioo kikawa cha kutupwa.

Kompyuta ilimpa mchoro wa ovyo safi kabisa. Lakini ole! Kila alipoutazama mchoro, shujaa wetu aliona kinguzo kimoja kimekaa vibaya, akakisogeza kidogo tu. Kisha kinguzo jirani nacho kikaonekana kimetoka nje ya mstari, akakirudisha. Huyu ndiye aliyekuwa akivipanga viatu vya wenzake mlangoni mwa maabara, na hakuna aliyemtuma. Basi vioo vyake vyote vilitoka na upinde wa mvua.

Ndipo mkuu wa maabara akasimama nyuma ya kiti chake, akanguruma.

"Dada, nilikuomba vurugu, wewe umeniletea gwaride!"

"Nimevigusa kidogo tu, bosi."

"Kidogo chako nakijua. Sasa sikia: mashine ya kuchonga vioo inatusubiri. Kioo kijacho kikitoa rangi tena, kazi nampa mwenzako wa meza ya pili, wewe unarudi kufuta lenzi."

Kufuta lenzi! Naye aliipenda kazi ya vinguzo kuliko usingizi. Akaiamuru kompyuta, na mchoro mpya ukajitandaza. Na tazameni, kwenye kona ya juu kilisimama kinguzo kimoja chenye kiburi, kimejitenga na wenzake, kimekaa upande kama kofia ya mlevi. Mkono wa kuume ukainuka, ukakinyemelea kipanya. Mwenzake wa meza ya pili akasogeza kiti aone vizuri.

Bi Mnyoofu akautolea mkono hotuba: "Ewe mkono wangu, ulionilisha tangu utotoni, ulionisuka nywele na kunifunga vifungo, leo nakuomba jambo moja tu: usifanye kitu!"

"Anaongea na nani?" akauliza mwenzake.

"Na mkono wake. Waache," akajibu mkuu, "wanayamaliza."

Mkono haukusikia. Basi akaukalia, naam, akaukalia kwa uzito wake wote, na kwa kidole cha kushoto, kidole kisichozoea vita, akabonyeza kitufe cha kuutuma mchoro kwenye mashine.

Kioo kilipotoka, walifunga mapazia wakawasha taa. Mwanga ukapita, ukatanda ukutani mweupe pe, pembe hadi pembe, bila hata tone la rangi. Mkuu alipiga makofi mpaka miwani ikamdondoka.

"Hongera, dada," akasema mwenzake. "Mkono vipi?"

"Umekufa ganzi. Afadhali."

Andikeni, enyi watunza historia! Jioni ile shujaa alitoka, akavikuta viatu vya watu mlangoni vimelala chali. Akasimama. Akavipita vyote kama malkia, isipokuwa vya bosi tu, ambavyo alivigeuza kwa mguu. Mkono wake, mashahidi tupo, haukuhusika.