Dakika Tatu za Dada Rehema

Leo nimejiaibisha Njombe mjini, na nusu ya waliokuwa ukumbini ni watu wanaonunua viazi kwangu. Nina hasira hata sijui nimkasirikie nani, kwa hiyo nawakasirikia wote.

Iko hivi. Mama mkwe wangu wa Lupembe anataka kumchukua Festo wangu, mwaka na nusu, akamlee yeye. Eti mtoto hakui, simlishi. Nikimwonyesha mashavu anasema, "Huo unene ni masweta." (Kweli kavaa matatu. Ni Julai jamani, avae singlendi?)

Sasa kuna Dada Rehema, anasoma PhD (udaktari wa vitabu, siyo wa sindano). Amekuwa akija huku kwetu Makambako kupima watoto wanaoshindia uji mwepesi wakati mama zao wako shambani au sokoni. Alipoanza, Festo alikuwa kijiti. Akanifundisha kumpikia uji mzito, maharage ya kuponda, na parachichi tusiuze zote. Mtoto akajaa! Alimpiga picha mwanzo, akampiga na mwisho. Ile ya mwisho nilimvalisha suti ya ubatizo, vifungo vikagoma.

Juzi akaniambia, "Mama Festo, Ijumaa tunawaeleza wananchi utafiti wetu, kila mtu dakika tatu. Njoo." Nikasema hapo hapo, mama mkwe namleta. Asikie kwa msomi, maneno yaishe.

Tukakaa mbele kabisa, Festo mapajani kwa bibi yake (kimbelembele changu). Mgeni rasmi yupo, padri yupo. Wa kwanza akaongelea miti ya mbao ya Kifanya. Kengele ikalia sentensi haijaisha, akashushwa. Nikacheka. Ndiyo, mimi.

Akapanda Dada Rehema. "Kamwene!" Ukumbi ukaitikia. Kwenye kitambaa cheupe ikatokea picha. Festo. Siyo wa suti! Festo kijiti, kamasi hadi mdomoni, kakaa juu ya gunia la viazi, mbavu unahesabu.

Mama mkwe akashika kifua. "Yesu na Maria."

Nikasimama. "Dada, toa hiyo! Weka ya suti!"

"Mama Festo, subiri kidogo, nina..."

"Nisubiri nini? Mkwe wangu huyu hapa anaangalia!"

Watu wakaangua kicheko. Nikaona dawa ni kuiziba mwenyewe. Nikapanda jukwaani, nikasimama mbele ya kitambaa, mikono nimetanua kama nafukuza kuku. Picha yote ikanihamia mwilini. Kamasi shingoni, mbavu kwenye blauzi. Mgeni rasmi anajifuta machozi. Na mimi ndiyo kwanza nimepamba moto, nauliza mbona hawaonyeshi watoto wa kwao!

Kengele.

"Muda umekwisha," akasema mwenye kengele. "Anayefuata."

Dada Rehema akaniangalia kama aliyefiwa. "Ya suti ndiyo ilikuwa inafuata, Mama Festo."

Tulipotoka nje, maskini, akafungua kompyuta yake amwonyeshe mama mkwe hiyo ya suti. Mama mkwe hata hakuinama.

"Hiyo mnanionyesha uchochoroni. Iliyoonyeshwa mbele ya padri ndiyo ya kweli."

"Mama, basi mwangalie mtoto mwenyewe!"

"Nimemwangalia. Masweta."

Akambeba Festo mgongoni, akajifunga khanga, akapanda gari la Lupembe. Ningemnyang'anya, lakini wale wale wa ukumbini wamesimama wananitazama, na mdomo wangu wote nilishaumalizia jukwaani. Nikampigia mume wangu. Mnajua kasemaje? "Si ulimwalika mwenyewe?"

Nimerudi Makambako peke yangu. Nepi zilizokataa kukauka wiki nzima kwa baridi, leo zimekauka. Mwenyewe hayupo. Wa kucheka akachekee kwao.