Ua Wangu Umeisha kwa Kuombwa Radhi

Daraja Mbili, Arusha
9 Agosti 1955

Kwa Bwana Shauri, Mkuu wa Wilaya,
Bomani, Arusha.

Bwana Shauri Mheshimiwa,

Ningekuamkia shikamoo kwa ajili ya cheo chako, lakini nimeambiwa una miaka thelathini na mmoja, nami nina sitini na minne. Kwa hiyo nakuachia wewe uanze, nami nitaitikia marahaba nikiwa huku huku nyumbani.

Mimi ni Philemoni, Mchaga wa Machame, karani mstaafu wa ghala la kahawa. Naishi peke yangu katika nyumba ya vyumba viwili niliyoijenga na marehemu mke wangu Magdalena, yeye akichota maji, mimi nikifyatua matofali. Humo ndimo nataka kumalizia siku zangu, kwa utulivu. Utulivu huo umeharibiwa na kikundi kinachojiita Wajitoleaji wa Mtaa. Wasipozuiwa nitalazimika kuhamia kwa binti yangu Evaresta kule Machame, mwenye watoto tisa na majogoo watatu. Sitaki.

Basi naomba kwa unyenyekevu unipatie cheti cha kutokuwa jirani. Serikali yako inatoa cheti cha baiskeli, cha mbwa, cha kupika pombe na cha kupiga ngoma. Hiki nacho hakitaishinda. Sababu zangu ni hizi:

1. Hodi. Kila asubuhi Namnyaki, mama wa Kiarusha auzaye maziwa, ambaye ndiye mkubwa wao, hupita nyumba kwa nyumba akitaka kujua kila mtu ameamkaje. Nikijibu salama, haondoki. Anataka habari za kifua, za mgongo, na kama jana nilikula. Hata daktari haulizi hivyo, na daktari ana mshahara.

2. Wezi. Zamani tulikuwa na wezi wawili wa kuku, watu wa adabu zao, waliokuja na kuondoka bila kumsemesha mtu. Wajitoleaji wakaanza kuzunguka na filimbi. Mwizi mmoja akahamia Ngarenaro. Wa pili, sijui hata niseme nini, ameandikishwa kuwa mjitoleaji, na jioni huja kunikumbusha kufunga banda!

3. Ua. Hapa ndipo moyo unaponiuma. Kiwanja changu nilikizungushia ua wa masale ili nisionane na mtu. Siku moja Sakaya, fundi baiskeli, naye mjitoleaji, akakata miche miwili apate kupitisha mgonjwa. Nilipandwa na hasira, nikamweleza kwamba kwetu mlimani sale si mti wa kuchezea. Aliyekukosea akikuletea jani lake, huna budi kumsamehe, hata kama amekuulia ng'ombe. Ukikataa, laana ni yako.

Mdomo uliniponza. Sakaya alinisikiliza kwa heshima zote, akainama, akachuma jani la sale kwenye ua wangu mwenyewe, akanipa kwa mikono miwili. Ningefanyaje? Nikasamehe.

Tangu siku hiyo mtaa mzima umejua. Wakikatiza kwangu kwenda mtoni, jani. Mbuzi wao akila mahindi yangu, jani. Wengine kwa wingi wa toba huchuma tawi zima. Wakichuma, pengo linapanuka. Pengo likipanuka, wanapita wengi zaidi. Wakipita wengi, wananikosea zaidi. Wakinikosea, wanachuma tena. Mpaka leo nimewasamehe watu arobaini na mmoja, na baadhi yao hata majina yao siyajui. Ua wangu umeisha kwa kuombwa radhi.

4. Ugonjwa. Mwezi wa Juni nilishikwa na homa ya mapafu. Nilikuwa nimeanguka sakafuni, naugua kimya kimya kama mtu mwenye heshima zake, kumbe Namnyaki ameona sijaitikia hodi. Wakapita kwenye lile pengo, wakavunja mlango, wakanibeba kwa zamu mpaka hospitali. Njia nzima waliimba nyimbo za Kilutheri, Sakaya akikosea maneno, nami sina nguvu ya kumsahihisha. Niliporudi nilikuta mlango mpya. Unafungika vizuri kuliko wa zamani, lakini hakuna aliyeniuliza kama napenda kijani.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Mtu akiwa na majirani hukosewa. Akikosewa huletewa sale, na akiletewa sale husamehe. Mimi, Bwana Shauri, nimechoka kusamehe. Mzee wa umri wangu anastahili kuwa na kinyongo japo kimoja cha kwenda nacho kaburini, na hawa wamenimalizia vyote. Nipe cheti nikibandike mlangoni, wasome wakiwa mbali.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, watoto kama Mungu amewajalia, makarani wote, na yule tarishi mwenye masharubu.

Ni mimi mtiifu wako, nisiye jirani wa mtu,
Philemoni

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Evaresta ameshuka kwenye basi. Amesikia kanisani kwamba baba yake aliugua peke yake, na anasema mzee hawezi kuishi bila watu. Godoro langu amekwisha kulifunga kamba, na sasa amelikalia sanduku langu. Nimemwambia nina watu. Hasadiki. Bwana Shauri, naogopa. Nikitoka katika nyumba hii sitarudi. Cheti kile tafadhali usikiandike. Badala yake igongee mhuri barua hii hii na umpe Sakaya, aliye mbele yako na baiskeli, aniletee kabla ya basi la saa tisa, nimsomee binti yangu mashtaka yote manne. Kila neno ni kweli tupu. Watu hawa hawaniachi hata siku moja.