Mwewe Aliyeangusha Saba

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa wafanyakazi. Balaa! Mama Mkurugenzi anataka makumbusho yetu ya vita yawe na mgahawa, na ukumbi mkubwa ndio utakaomegwa. Mwisho wa mwezi, kimoja kitauzwa kama chuma chakavu: ndege au kifaru. Kitabaki kile kinachopendwa na watu.

Ndege ni yangu. Si kwa hati, lakini ni yangu. Mimi ndiye mwongozaji wake kwa wageni, mimi ndiye ninayepangusa ile rafadha, pangaboi la mbao puani, mimi ndiye niliyepigana na njiwa wakahama bawa la kushoto. Mwewe! Ndege ya kivita, kiti kimoja, injini moja, bunduki mbili. Kifaru kina mwongozaji wake, tunamwita Bwana Kifaru, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya shingo yake. Mkutanoni alikuwa anatabasamu. Nimemwona.

Tatizo: kifaru kina matundu ya risasi, watoto wanatia vidole. Mwewe hana hata mkwaruzo wa vita. Kibao chake kinasema tu kwamba alitumika katika vita vya mpakani. Kibao hakijui kujiuza.

Jumanne, 4 Machi

Wazo! Wanafunzi walipofika nikawaambia Mwewe huyu aliangusha ndege saba za adui kwa asubuhi moja. Saba! Imetoka yenyewe mdomoni. Watoto vinywa wazi. Mwalimu akaandika. Mmoja akauliza rubani alikuwa nani. Nikasema siri ya jeshi.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu ndiyo maana anawahi kufika. Hakucheka.

Jumatano, 5 Machi

Nimemchora Mwewe nyota saba nyekundu ubavuni, kila moja adui mmoja. Rangi ni ile iliyobaki tulipopaka mlango wa choo. Ya tano imechuruzika kidogo. Nitasema ni damu.

Alhamisi, 6 Machi

Bwana Kifaru ameamka na yeye. Asubuhi kifaru chake kiliteka daraja. Kufika mchana, madaraja matatu. Jioni kimeteka mji mzima na soko lake! Mtu hana haya hata kidogo. Nimelazimika kumpandisha Mwewe hadi kumi na moja. Nyota zimefika mkiani. Na rubani alipaa akiwa na homa kali.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi umefurika. Mama Mkurugenzi amefurahi kiasi cha kutisha. Ametangaza sherehe Jumamosi ijayo, viti, vipaza sauti, mwandishi wa gazeti. Akanitaka nimlete rubani wa Mwewe, kama bado yu hai. Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema marehemu. Ulimi wangu ukasema, “Yu hai, mama, na anakula vizuri tu.”

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa shemeji, kaka wa mke wangu. Ni kinyozi, mtu mzima, na masharubu anayo ya kirubani kabisa. Nikamwomba awe rubani kwa nusu saa. Akakataa. Ndege hajapanda, na hata ngazi humtia kizunguzungu. Nikamwambia ni kukaa tu kitini na kupunga mkono. Akakataa. Nikamwambia atapigwa picha ya gazeti akiwa na miwani ya kirubani. Akauliza miwani ya namna gani. Nimempata!

Tumekubaliana dada yake asijue.

Jumanne, 11 Machi

Mazoezi kwa shemeji, kati ya mteja na mteja. Nikajifanya mwandishi wa gazeti, nikamuuliza alivyommaliza adui wa kwanza. Akasema alianza naye pembeni, akapanda nyuma polepole, kisha akampunguza juu. Tumerudia. Safari hii akamwekea na poda.

Ijumaa, 14 Machi

Bwana Kifaru ameniuliza jina la rubani wangu. Nikamwambia atalisikia kesho kama watu wote. Akasema sawa, halafu akaenda zake kuelekea chama cha askari wastaafu, anapiga mluzi. Sipendi mluzi ule.

Jumamosi, 15 Machi

Ngoja kwanza nivute pumzi.

Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Shemeji ndani ya Mwewe, miwani machoni, masharubu yamepakwa mafuta, anapunga mkono kama amezaliwa humo. Mke wangu akatokea na majirani! Akamtazama rubani, akanitazama mimi. Sitaandika alivyonitazama.

Mama Mkurugenzi akahutubia. Makofi. Ndipo Bwana Kifaru akasimama, akasema na yeye ana mgeni wake. Akaingia mzee mwembamba, mkongojo mkononi, ameshikwa kiwiko na bibi mnene mwenye kitambaa cha maua. Bwana Kifaru akatamka kwa sauti ya mwadhini: huyu ndiye rubani wa Mwewe, majina yake yako chamani, hakuna mwingine.

Shemeji akajaribu kutoroka. Tumbo liliingia kwa hiari, likakataa kutoka.

Mzee akamkaribia Mwewe taratibu. Akatazama nyota zangu, moja moja, mpaka mkiani. Akauliza ni za nini. Nikasema, kwa sauti ya panya, ni wale aliowaua, mzee. Akakunja uso.

“Kumi na moja? Mbona walikuwa tisa tu?”

Tisa! Nilikuwa nimekosea mbili tu! Nikamgeukia Bwana Kifaru, kidevu juu.

“Tisa na jogoo,” bibi akasema. “Jogoo kila siku unamsahau.”

Kumbe! Vita vyote vile Mwewe alipaa mara moja. Mafuta yakaisha kabla rubani hajamwona adui hata kwa mbali, akatua mahali pa kwanza palipokuwa wazi. Palikuwa ni uwanja wa kuku wa bibi, siku hizo bado binti nyumbani kwao. Akatoka jikoni na mwiko. Rubani akanyoosha mikono juu.

“Nilijisalimisha palepale,” mzee akasema. “Bunduki mbili ninazo, lakini ule mwiko hamkuuona nyinyi.”

Vita vilipokwisha akawa anakuja na kuku mmoja mmoja kulipa wale aliowaponda. Bibi akasema kuku walipokwisha na visingizio vikaisha, ndipo akaja na wazee wake kuposa. Jogoo hajalipwa mpaka leo.

Watu walivyocheka! Mama Mkurugenzi alifuta machozi kwa karatasi ya hotuba yake. Hata mke wangu, nilimwona.

Kisha mzee akaweka kiganja juu ya bawa. Akasema alidhani wamekwisha kuiyeyusha zamani. Akauliza kama anaweza kukaa tena kidogo. Lakini shemeji bado yumo! Tukamvuta, mimi mkono mmoja, Bwana Kifaru mwingine. Mafuta ya nywele aliyokuwa nayo mfukoni ndiyo yaliyomwokoa. Mzee akapandishwa. Akakaa, akashika usukani. Bibi akasimama chini akamwambia asiguse chochote.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeitwa ofisini. Nimesemwa mpaka masikio yakapata moto. Nyota nizifute kwa mikono yangu, yule mwalimu nimwombe radhi, na kuanzia sasa ni ukweli mtupu. Bwana Kifaru naye amerudisha madaraja yote, na mji.

Lakini gazeti limeandika habari za kuku, na foleni imefika barabarani! Mgahawa utajengwa nje, karibu na geti. Ndege inabaki. Kifaru kinabaki. Mzee na bibi watakuja kila Jumamosi kusimulia. Nikaona nimshukuru Bwana Kifaru, maana bila fitina yake tungekwisha. Shukrani ilinikwama kooni, ikatoka. Akasema yeye pia alikuwa anaipenda ile ndege. Mtu huyu!

Mke wangu amekata picha ya kaka yake gazetini, ameibandika jikoni. Amecheka tena leo. Mambo si mabaya.

Jumatano, 19 Machi

Jana nilisema ukweli kutwa nzima. Kuku tisa na jogoo. Kumbe ukweli ni kazi nyepesi! Nimebadilika, mimi ni mtu mwingine.

Ila leo Bwana Kifaru kawaambia watoto kwamba kifaru chake kiliwahi kukanyaga shamba zima la maboga. Watoto wote wakakimbilia kwake. Sasa mimi nifanyeje? Nimesema kuku walikuwa arobaini. Huo si uongo, kuku huzaana. Na jogoo alikuwa na cheo cha koplo.

Wamerudi wote! Mmoja wao akauliza kama bata nao walikuwepo.

Bata! Sikuwa nimefikiria bata.

Walikuwepo.